Chuma cha kando ya barabara: nani alikipima kabla ya kukilipia?



Mnakumbuka mkutano wetu wa mwezi uliopita. Tulikubaliana kukusanya michango juu ya kona ya barabara ya kwenda Likasi, ile iliyo mbele ya masomo ya watoto wetu. Kila mmoja wetu anaijua kona ile. Kamyo za madini zinapita pale mchana na usiku, na mwaka huu mara mbili gari limetoka njiani na kusimama kwenye mchanga, pahali watoto wanangojea kuvuka. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Fundi wa vyuma wa kartie yetu alituchorea kizuizi cha mabomba ya chuma, urefu wa meta 20, akataja bei yake. Mkutano ukatuomba sisi walimu wawili tuchunguze jambo hilo kwanza, kisha tuandike hapa yale tuliyoyapata.

Tumechunguza. Tumesoma juu ya inchi moja ambako vizuizi vya namna hii vimewekwa kwa wingi sana na kulipiwa na serikali kwa sheria iliyo wazi, yaani Marekani. Tuliyoyasoma yametufanya tumwombe fundi angoje. Tunawaeleza sababu.

Neno moja, vitu viwili

Kwetu ukisema "bariere", mtu anafikiri mara moja kamba au mti uliolazwa katikati ya njia, na mtu anayeomba feza. Bariere ya namna ile inasimamisha gari. Kizuizi tunachosema leo ni kitu kingine. Kinalala kando ya barabara, kinaifuata barabara, na kazi yake ni kuliongoza gari lililopotea lirudi njiani, lisianguke bondeni wala kugonga mti mkubwa. Wafaransa wanakiita "glissière", yaani kitu cha kutelezea, kwa sababu gari linateleza ubavuni mwake.

Kile cha kawaida ni ubati mnene wa chuma uliokunjwa. Ukiutazama kwenye ncha, una umbo la herufi W. Umefungwa kwenye nguzo fupi nyingi zilizopigwa ardhini. Gari likiugusa kwa ubavu, nguzo zinainama katika udongo, ubati unavutika kama kamba, na nguvu ya gari inakwisha kidogo kidogo. Mama aliyewahi kumdaka mtoto anayekimbia anaelewa jambo hili. Humpokei kwa mikono migumu kama ukuta. Unampokea huku unarudi nyuma pamoja naye.

Basi kizuizi kizuri kinarudi nyuma. Kikigongwa na pikapu nzito yenye mwendo wa kilometa 100 kwa saa, kinaweza kusogea karibu meta moja. Shikeni neno hili, tutalirudia: mtoto aliyesimama nyuma ya kizuizi huku amekiegemea hajalindwa.

Ncha ndiyo yenye hatari

Watu wengi wanatazama urefu wa kizuizi. Wahandisi wanatazama kwanza ncha yake, pale kinapoanzia.

Hapo zamani ncha ziliachwa wazi. Gari lililogonga ncha uso kwa uso lilichomwa kama samaki kwenye kijiti. Ubati uliingia kwa mbele ukafika pahali watu wanapokaa. Walipoona hivyo, wakainamisha ncha na kuizika ardhini. Watu wakafikiri dawa imepatikana. Lakini gari lililopanda juu ya ncha ile iliyoinama liliruka kama linapanda kilima, kisha likapinduka. Ile dawa nayo ikawa ugonjwa mwingine.

Ndipo wahandisi wa chuo kikuu cha Texas A&M wakafikiri kichwa cha chuma kinachovikwa kwenye ncha. Gari likikigonga, kichwa kinasukumwa juu ya ubati, kinaubana, kinaubonda hata unakuwa kama utepe, na kuutoa kando mbali na gari. Kazi hiyo ya kubonda chuma ndiyo inayokula mwendo wa gari. Ni kazi ya akili nyingi, na inategemea vipimo vidogo sana. Mtaona karibuni vile sentimeta mbili na nusu zilivyowapeleka watu mahakamani kwa miaka mingi.

Feza inatoka wapi, na kwa sharti gani

Huko Marekani, barabara kubwa zinajengwa na majimbo, lakini serikali kuu inarudisha sehemu kubwa ya gharama. Kwa barabara nyingi ni asilimia 80, na kwa zile kubwa zinazounganisha majimbo inafika 90. Feza hizo zinatoka katika mfuko wa barabara uliowekwa mwaka 1956, na chanzo chake kikubwa ni kodi ya mafuta. Tangu mwaka 1993 kodi hiyo ya serikali kuu kwa esanse ni senti 18.4 kwa galoni moja, yaani karibu litri 3.8. Hivi kila anayejaza tanki analipia kizuizi, hata kama hajui.

Kwa kuwa ni feza ya watu wote, kuna sharti. Kifaa cha kando ya barabara hakilipiwi kwa feza hiyo kwa sababu tu kinaonekana kigumu au muuzaji anakisifu. Lazima kiwe kimegongwa. Tunasema kweli: wanachukua gari zima, wanaliendesha bila mtu ndani, na kuligongesha kwenye kifaa mbele ya kamera, katika kiwanja cha majaribio.

Kanuni za kugonga zimeandikwa. Mwaka 1993 zilitoka katika kitabu kinachoitwa Ripoti 350. Mwaka 2009 zikaja kanuni mpya zinazoitwa MASH, na mwaka 2016 zikatengenezwa tena. Sababu ya kuzibadili ni kwamba magari yenyewe yalibadilika, yakawa mazito na marefu kwenda juu. Katika MASH, jaribio la kawaida la barabara za mwendo mkubwa linatumia gari dogo la kilo 1,100 na pikapu ya kilo 2,270, kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa. Kichwa cha ncha kinagongwa mara nyingi: uso kwa uso, kwa pembeni kidogo, kwa upande wa nyuma. Kisha wanauliza maulizo matatu. Je, kifaa kilifanya kazi yake? Je, mtu aliyekuwa ndani angepona? Je, gari baada ya kugonga lilikwenda pahali gani, isije likageuka na kugonga wengine?

Kuna pia ngazi. Ngazi ya kwanza ni kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ya pili 70, ya tatu 100. Ukitaka kizuizi kinachoweza kupokea kamyo, lazima upande ngazi ya nne, inayojaribiwa kwa kamyo ya kilo 10,000, au ya tano, kwa kamyo kubwa ya kilo 36,000. Hizo za juu mara nyingi ni kuta za betoni. Ubati ule wa kawaida haukujaribiwa kwa kamyo kubwa kama zile zinazopita mbele ya masomo yetu.

Mtengenezaji akiisha kupata matokeo, anaweza kuyapeleka kwa idara ya barabara ya serikali kuu, na idara inaandika barua. Barua inasema kwamba kifaa hiki kinastahili kulipiwa kwa feza ya serikali. Hapa tuwe waangalifu, kwa maana ndipo watu wengi wanapokosea. Idara yenyewe haigongi magari. Inasoma ripoti ya maabara, na maabara imelipwa na mtengenezaji. Na barua haisemi "kifaa hiki ni salama pahali popote". Inasema tu kwamba kifaa cha umbo hili, kilichojaribiwa hivi, kinaweza kulipiwa.

Sisi walimu tunaelewa tofauti hii. Diploma inasema mtu alifaulu mitihani ya siku ile. Haisemi namna atakavyofundisha miaka 20 baadaye, katika kilasi ya watoto 70.

Sentimeta mbili na nusu

Kichwa kimoja kilichowekwa pahali pengi Marekani kinaitwa ET-Plus, cha kampuni Trinity Industries. Kilikuwa na barua yake. Mwaka 2005 kampuni ilipunguza upana wa sehemu moja inayoongoza ubati ndani ya kichwa, kutoka inchi 5 hadi inchi 4, yaani kutoka karibu sentimeta 12.7 hadi 10.2. Haikuipasha serikali habari ya badiliko hilo wakati ule. Idara ilikuja kujua mwaka 2012.

Aliyelifunua ni Joshua Harman, mtu wa Virginia aliyekuwa naye katika kazi ya vizuizi vya barabara. Alisema kichwa chembamba kinaweza kukwama, na ubati ukiacha kutoka kando unaweza kuingia ndani ya gari. Alitumia sheria ya Marekani inayomruhusu raia kushitaki kwa ajili ya serikali, akiona mtu anaidai serikali feza kwa uongo. Mwezi wa 10 mwaka 2014, huko Marshall katika Texas, wananchi waliochaguliwa kuamua kesi walisema kampuni ilikuwa na kosa, na hasara ya serikali ni dola milioni 175. Sheria ile inazidisha mara tatu na kuongeza faini, hivyo mwaka 2015 hakimu akaandika dola milioni 663. Majimbo zaidi ya 30 yakaacha kuweka vichwa vipya vya namna ile.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na si haki tuwaambie nusu yake. Serikali iliamuru kichwa kigongwe tena mara nane, na mwaka 2015 ikatangaza kwamba kimefaulu majaribio yote. Kampuni nayo ilikana kosa tangu mwanzo. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ikafuta hukumu yote. Sababu yake kubwa ilikuwa hii: serikali iliisha kujua badiliko lile, na bado iliendelea kusema kifaa kinastahili kulipiwa. Mtu hawezi kusema amedanganywa katika jambo analolijua na bado analilipia.

Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo. Mahakama ilikuwa inajibu ulizo la feza: je, serikali ilidanganywa? Ulizo la mama ni lingine: je, mtoto wangu akigonga pale, atapona? Maulizo hayo mawili yanaonekana ndugu, lakini hayana jibu moja.

Bili iliyotumwa kwa marehemu

Kuna habari nyingine ndogo, ya jimbo la Tennessee. Mwaka 2016 msichana wa miaka 17 alikuwa anaendesha gari la baba yake. Gari lilitoka njiani na kugonga ncha ya kizuizi cha namna nyingine, kinachoitwa X-LITE. Kifaa hicho nacho kilikuwa na barua ya serikali. Ubati uliingia kwa mlango wa dereva, msichana akafa palepale.

Miezi michache baadaye barua ilifika nyumbani kwao, ikiwa na jina la yule msichana. Ilikuwa bili ya karibu dola 3,000, ya kulipia kizuizi kilichoharibika. Jimbo likasema baadaye kwamba lilikuwa kosa la ofisi, na kuomba radhi. Baba yake hakuacha jambo lile. Alianza kuzunguka barabarani, kupiga picha za ncha zilizofungwa vibaya, kuandikia wakubwa wa majimbo, na kuuliza kila ofisi: mliona nini baada ya kuviweka? Tennessee iliamua mwaka 2017 kuondoa vifaa vya namna ile katika barabara zake, na majimbo mengine yakafuata.

Hatuandiki haya ili kuwaliza. Tunataka mwone vile pengo lilivyo. Kulikuwa na majaribio, kulikuwa na barua, kulikuwa na feza. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama barabarani, baada ya ajali, kama kifaa kinafanya kazi ileile kilichofanya kiwanjani. Mara nyingi kazi hiyo inaanzishwa na mzazi mwenye msiba.

Na sisi je?

Mtu atatuambia: hayo ni mambo ya matajiri, sisi hatuna hata kizuizi cha kulalamikia. Tunakubali nusu. Lakini feza ya barabara yetu inatoka pahali palepale kama yao. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na feza zake zinatoka kwa mafuta na kwa peaje. Mama anayelipa teksi kwenda sokoni anachangia. Anayenunua unga uliobebwa na kamyo anachangia. Hivi tuna haki ya kuuliza, na tunafaa kujua namna ya kuuliza.

Sasa turudi kwa mchoro wa fundi wetu. Ni mtu mwema na mwenye kazi safi, tunamheshimu. Lakini tulipoweka mchoro wake karibu na yale tuliyoyasoma, tuliona mambo manne.

Jambo la kwanza, mabomba yale yanaishia kwa ncha iliyokatwa wazi, na ncha inatazama magari yanayotoka Lubumbashi. Ni mkuki uleule wa zamani, na tungeulipia sisi wenyewe.

Jambo la pili, nguzo zingesimamishwa katika betoni na bomba lingesuderwa kwenye kila nguzo. Kingekuwa kigumu kweli, lakini hakuna aliyejua kingefanya nini kikigongwa. Sudere ikiachia, vipande vya bomba vingeruka upande wa watoto.

Jambo la tatu, kamyo ya madini iliyojaa ingekipitia kama mti wa bariere. Hata ubati wa Marekani uliopimwa vizuri haukupimwa kwa mzigo ule.

La nne ndilo linalotuumiza zaidi. Watoto wangekuja kuegemea pale. Mnawajua. Wakiona chuma cha kimo chao, watakaa juu yake, watakizunguka, watangojea pale wenzao. Tungekuwa tumewaonyesha pahali pa kusimama, na pahali hapo ni pale gari linapotoka njiani.

Tunayoleta kwenu

Tumeongea na fundi, hakukasirika. Yeye mwenyewe alisema hajawahi kuona ncha kwa macho ya namna hii. Michango yote bado iko kwa mama mweka hazina, haijaguswa hata franga moja. Tunaleta mashauri haya, mkutano uamue.

Tunaomba michango itumiwe kufungua mlango mwingine katika ukuta wa masomo, upande wa njia ndogo ya nyuma, na mlango wa upande wa barabara kubwa ufungwe saa za kuingia na za kutoka. Mtoto asiyesimama kwenye kona hahitaji kizuizi. Fundi amekubali kutengeneza mlango huo, na bei ni chini ya nusu ya ile ya mabomba.

Tunaomba pia chama kiandike barua mbili, moja kwa komini na moja kwa Office des Routes, kwa maana barabara ile ni ya taifa. Tusiombe "bariere" kwa neno moja tu. Tuombe dodane mbili kabla ya kona, kila upande, na alama ya masomo, ili mwendo upunguzwe. Tofauti ya kilometa 50 na kilometa 100 kwa saa si mara mbili. Nguvu ya kugonga inakuwa mara nne, na watoto wa kilasi ya sita wanaweza kuwahesabia.

Na kama siku moja wakubwa watakuja kutuambia wameleta vizuizi, tuwapokee kwa furaha na kwa maulizo. Kifaa hiki kilijaribiwa wapi, na kwa gari la uzito gani? Kilichowekwa hapa kina umbo lileile lililojaribiwa? Ncha yake iko namna gani? Nyuma yake pana nafasi gani? Gari likikigonga, nani atakuja kukitengeneza, na nani ataandika yaliyotokea?

Ulizo la mwisho tunaweza kuanza kulijibu wenyewe leo. Tumefungua kaye moja katika ofisi ya walimu. Kila gari likitoka njiani pale konani, hata kama hakuna aliyeumia, tunaandika siku, saa, namna ya gari, na pahali liliposimama. Kuna mistari miwili tayari, ile ya mwaka huu. Mama anayeuza maandazi pale karibu na nguzo ya stima amekubali kutuletea habari, kwa maana yeye ndiye anayeona mambo yote kabla ya jua kuchomoza. Barua zetu zikienda na ukurasa wa kaye ile, mkubwa anayezisoma ataona siku na saa, na itakuwa vigumu kwake kusema ni maneno ya wamama tu.

Tutaonana Jumamosi ijayo saa 9 ya mchana, pahali petu pa siku zote. Atakayeshindwa kuja amtume jirani na neno lake. Na asubuhi, kabla mlango mpya haujafunguliwa, tunawaomba wazazi wenye nafasi wasimame pale konani pamoja nasi, wawarudishe watoto nyuma hatua kumi kutoka barabarani wakati wanangojea kuvuka. Hatua hizo hazina bei.